Kwa nini mtoto anarudisha chakula baridi ambacho nyumbani hukimaliza?

#1 Mama Wawili
Habari zenu wanajukwaa. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6, na wote hubeba chakula cha mchana kwa sababu wanakosoma hakuna jokofu wala mahali pa kupashia chakula moto. Kopo hufungwa kabla ya saa 1 asubuhi na hufunguliwa saa 6 na nusu mchana. Kinachonitatiza ni kwamba viazi, mayai, kuku na tambi wanavyovigombania mezani nyumbani vinarudi jioni karibu vyote, vikiwa vimedonolewa pembeni tu. Mimi naona tatizo ni ubaridi wenyewe: chakula kilichopikwa ili kiliwe cha moto kikipoa hugeuka kitu kingine, na mtoto mdogo hana namna ya kulieleza hilo isipokuwa kukiacha. Naomba wenye uzoefu waniambie kama sababu ni hiyo kweli, na wanitajie vyakula vyepesi kuandaa ambavyo tangu mwanzo vimekusudiwa kuliwa baridi.

#2 Jikoni Daima
Naunga mkono hoja, na ina msingi zaidi ya hisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba ndani ya seli za ladha za ulimi kuna mlango mdogo unaoitwa TRPM5, ambao hufanya kazi kwa nguvu zaidi kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzijoto 15 hadi 35. Mlango huo unahusika na kuhisi utamu, uchungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Kwa hiyo chakula kile kile, chenye viungo vile vile, kinapokuwa baridi hufika ulimini kikiwa kimepungua ladha.

Ladha si yote. Mafuta ya ng'ombe na siagi huganda yakipoa na kuacha utando kinywani, jambo ambalo watoto wengi hulichukia kuliko sisi. Wanga nao hubadilika: wali, viazi na tambi vikipoa, chembe za wanga hujipanga upya na kukaza, ndiyo maana wali uliolala jokofuni huwa mgumu hata kama ulipikwa vizuri. Kwa hiyo, dada, usipike chakula cha moto kisha ukakipoza ukitumaini kitabaki vile vile. Tumia mafuta ya mimea yanayobaki maji yakipoa, ongeza limau au kitunguu kilichokatwa vidogo sana badala ya kuzidisha chumvi, na zaidi ya yote, onja chakula kikiwa kimeshapoa. Wazazi wengi huonja kikiwa motoni, ilhali mtoto hatakila kikiwa motoni.

#3 Mwalimu wa Chekechea
Nasikitika kutofautiana na wawili waliotangulia. Mimi hukaa na watoto hao wakati wa kula, na ninachokiona mara nyingi zaidi ni vifuniko. Mtoto wa miaka 4 hana nguvu ya vidole ya kufungua kopo lenye vibanio vinne vinavyokaza hewa, wala hawezi kurarua pakiti au kumenya chungwa ambalo hakuna aliyelianzishia. Wengine huinua mkono kuomba msaada, lakini wengine, hasa wapole, huketi na kopo lililofungwa mpaka muda unakwisha, kisha hulirudisha mkobani bila kusema neno.

Muda wenyewe ni mfupi. Toa wa kunawa mikono, toa wa kutafuta mahali pa kukaa, toa wa kuzungumza na jirani, na kinachobaki kwa kutafuna ni kidogo sana. Kipande kikubwa cha kuku chenye mfupa kinahitaji utulivu ambao mtoto huyo hana wakati wenzake wameshaanza kucheza. Kabla ya kulaumu ubaridi, mpe mtoto kopo lake nyumbani likiwa limefungwa kabisa, kaa mbali kidogo, usimsaidie, uone anachukua muda gani kulifungua na anaanza kula nini.

#4 Baba Tatu
Mwalimu ameniingia moyoni. Jikoni Daima anatupa fizikia ya ulimi nasi bado tunatafuta soksi za pili za watoto, lakini nakubali kwamba anajua kupika. Kwangu mtoto wa kati alikuwa akirudisha kopo ambalo halikufunguliwa kabisa. Tulipompa lenye kifuniko laini cha kubandua, likaanza kurudi likiwa wazi, lakini alichokula kilikuwa mkate na matunda tu, huku nyama na viazi vikibaki. Kwa hiyo kifuniko kilikuwa sehemu ya jambo, wala hakikulimaliza.

Kwa ajili ya mleta mada, haya ndiyo hubebwa kwetu: vipande vya mkate vilivyopakwa siagi ya karanga, yai la kuchemsha, zabibu, karanga za kukaanga, jibini iliyokatwa vipande vya mraba, karoti mbichi na ndizi. Hakuna kinachopikwa asubuhi isipokuwa yai, nalo huchemshwa usiku.

#5 Mkaguzi wa Chakula
Shukrani kwa uzi huu. Naomba turudi kwenye sentensi moja ya mleta mada ambayo wote wameiruka: kopo hufungwa kabla ya saa 1 na kufunguliwa saa 6 na nusu. Hizo ni zaidi ya saa tano na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kwamba chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe chini ya nyuzijoto 5 au, kama ni cha moto, juu ya nyuzijoto 60. Kati ya namba hizo mbili bakteria huongezeka kwa kasi, na mkoba wa mtoto uliowekwa juani upo katikati kabisa ya eneo hilo.

Mimi huvigawa vyakula hivi kwa swali moja: je, kikikaa mkobani bila barafu hadi mchana, nitakuwa na amani? Mkate, biskuti zisizo na krimu, matunda mazima, matunda makavu na siagi ya karanga, jibu ni ndiyo. Kuku, nyama, samaki, yai la kuchemsha, maziwa, mtindi, jibini laini, wali, tambi, viazi na maharage yaliyopikwa, jibu ni hapana, hata kama havinuki. Watu wengi hushangaa ninapoongeza tikiti lililokatwa na nyanya iliyokatwa katika kundi hili la pili. Ganda la tunda huzuia vijidudu. Kisu kikishapita, maji na sukari huwa wazi, na tikiti halina ukali wa kutosha wa kuvizuia kama machungwa yalivyo nao.

Nyama na viazi vya mleta mada vinaweza kubebwa baridi, lakini ni lazima vitoke jokofuni vikiwa baridi kweli na vikae na barafu. Vinginevyo, watoto wanaovirudisha huenda wananusurika kwa bahati.

#6 Mzee wa Kiporo
Kwa heshima zote, mkaguzi, sisi tumekulia viporo. Wali ulilala chunguni, asubuhi unapashwa moto hasa, mtu anakula na kuondoka. Moto unaua kila kitu. Tukianza kuogopa kila punje tutawafungia watoto biskuti tu.

#7 Mkaguzi wa Chakula
Mzee wangu, shikamoo. Biskuti tupu sizitaki hata mimi, ila hapo kwenye moto naomba nisahihishe, kwa sababu wali ndio hasa unaoipinga kanuni hiyo. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka kwa maji. Wali ukipikwa ukaachwa chunguni usiku kucha, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ndani ya wali. Asubuhi moto unaweza kumwua bakteria, lakini sumu aliyoiacha haiharibiwi na kupashwa moto. Mtu aliyeila huanza kutapika ndani ya saa chache, kati ya saa 1 na 6 hivi, na wengi hupona upesi bila kujua chanzo, ndiyo maana kila mmoja wetu anaweza kusema kwamba amekula kiporo maisha yote bila kudhurika.

Wali wa kubeba haukatazwi. Upoze upesi kwa kuutandaza kwenye sahani pana, uingie jokofuni ndani ya saa moja baada ya kupikwa, uliwe kesho yake na si zaidi, na ukae na barafu hadi mchana.

#8 Mzee wa Kiporo
Marahaba. Hilo la sumu kubaki baada ya moto sikulijua, nami nalipokea. Lakini bado nasema kwamba mtoto asiyekula mchana kutwa naye ana hatari yake.

#9 Fundi Friji
Kwa kuwa barafu imetajwa mara kadhaa bila kuelezwa, naomba niingie hapo. Huhitaji kununua kitu chochote maalumu. Chukua chupa ndogo ya maji ya kunywa ya mtoto, ijaze isifike juu, igandishe usiku. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo chupa iliyojazwa pomoni itapasuka au kusukuma kifuniko. Mchana maji yameyeyuka, mtoto anayanywa.

Nguvu ya barafu ipo katika kuyeyuka kwenyewe. Joto linalohitajika kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzijoto 0 hadi karibu 80. Ndiyo maana chupa iliyoganda hudumu muda mrefu mno ukilinganisha na chupa ya maji yaliyokuwa baridi tu. Iweke chini ya kopo, lizungushie taulo ndogo, na ufunge mkoba vizuri.

#10 Jikoni Daima
Fundi, nakubaliana nawe isipokuwa mahali pa kuweka. Hewa baridi hushuka, kwa hiyo barafu ikae juu ya kopo. Ukiweza kupata mbili, moja juu na nyingine chini. Tena kopo lililojaa hubaki baridi muda mrefu kuliko lenye vipande viwili vinavyocheza ndani, hivyo chagua kopo dogo linalolingana na chakula.

#11 Fundi Friji
Sahihi, juu ndiyo bora. Nilikuwa nafikiria chupa isiangukie mkate na kuuponda. Jambo jingine ambalo wengi hulikosea ni kutegemea barafu ipoze chakula chenye joto. Barafu ya ukubwa huo hulinda ubaridi uliokwishapatikana. Ukifunga tambi zenye uvuguvugu, zitaila barafu yote kabla mtoto hajafika darasani, na mvuke wake utageuka matone chini ya kifuniko na kulowesha kila kitu.

#12 Muuguzi wa Watoto
Samahani kwa kurudi nyuma, lakini siwezi kuiacha orodha ya Baba Tatu (#4) ipite hivi hivi, kwa kuwa wazazi wengine wataifuata. Kaka, vyakula vyako ni vizuri kwa lishe, ila vinne kati yake vinaweza kumpalia mtoto. Zabibu nzima ina ukubwa na umbo la kuziba kabisa njia ya hewa ya mtoto mdogo, tena ni laini, hujifinyanga na kuziba bila kuacha upenyo. Ikatwe kwa urefu, si kwa upana, iwe vipande vinne. Karanga nzima wasipewe watoto walio chini ya miaka 5. Karoti mbichi ngumu ikwanguliwe au ichemshwe kidogo hadi ilainike. Jibini ya mraba ikatwe vipande vyembamba au ikunwe. Soseji nazo, kwa atakayezifikiria, zikatwe kwa urefu kwanza, kamwe zisikatwe kama sarafu.

Nyumbani unamtazama, umekaa naye. Kule anakula huku anacheka, anageuka, anainuka akiwa na chakula mdomoni, na mtu mzima mmoja anawatazama wengi. Chakula cha kubeba kinapaswa kuwa salama zaidi kuliko cha mezani. Ninaposikia mwalimu akisema muda ni mfupi, hili ndilo ninaloliogopa kuliko chakula kurudi.

#13 Baba Tatu
Ahsante sana, muuguzi. Mkubwa wetu ana miaka 9 na orodha ile ilianza kwake. Wadogo nitawakatia kwa urefu kuanzia leo. Je, siagi ya karanga nayo ina hatari hiyo?

#14 Muuguzi wa Watoto
Ipakwe tabaka jembamba juu ya mkate, wala asipewe bonge kwa kijiko, kwa sababu hunata kooni. Zaidi ya hapo, muulize mwalimu kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga katika darasa hilo, maana watoto wa umri huu hugawana chakula na kushikana kwa mikono yenye mafuta.

#15 Mama Kijacho
Kuhusu mzio, mimi nilishauriwa nisimpe mtoto karanga kabisa mpaka akue, ili mwili wake usizichukie. Hivyo ni bora karanga zisiwepo katika chakula cha mtoto yeyote mdogo.

#16 Muuguzi wa Watoto
Ushauri huo ulikuwa wa kawaida zamani, lakini umebadilika. Utafiti unaojulikana kama LEAP, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto wachanga 640 waliokuwa na hatari kubwa ya mzio, na walioanza kula karanga katika umbo salama kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata mzio huo kwa kiwango cha chini sana walipofika miaka 5 kuliko wale walioepushwa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali au mzio mwingine aanzishwe kwa ushauri wa daktari. Hilo ni suala la mtoto wako nyumbani. Suala la kuzipeleka darasani linabaki kuwa la kumlinda mtoto wa mwenzako. Kwa kuwa una mtoto mchanga, niongeze kwamba asali asipewe kabisa aliye chini ya miezi 12.

#17 Msomaji wa Lishe
Nimesoma uzi wote, na naona maelezo mengine kabisa yamesahaulika. Kati ya miaka 2 na 6 watoto hupitia kipindi cha kuogopa chakula kigeni, na kwao "kigeni" si lazima kiwe kipya. Kuku yule yule akikatwa vingine, akikaa ndani ya kopo badala ya sahani, akagusana na tango na kupata unyevu, tayari amekuwa kitu kisichojulikana. Tafiti za kulisha watoto zimeonyesha mara kwa mara kwamba mtoto huhitaji kukutana na chakula mara 8 hadi 15, pengine zaidi, kabla ya kukipokea, na kukutana huko kunafaa kuwe mahali penye utulivu, bila kushurutishwa.

Kwa hiyo Mama Wawili, chakula cha kubeba kiwe cha zamani, na majaribio yafanyike nyumbani. Kama unataka ale viazi baridi kule, aanze kula viazi baridi mezani kwako, kutoka ndani ya kopo lile lile, siku ambayo hakuna haraka. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aligawa majukumu vizuri: mzazi huamua kitaliwa nini, lini na wapi; mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Tukimhoji kila jioni kuhusu kopo, tunachukua sehemu yake.

#18 Jikoni Daima
Hoja hiyo inaelea karibu sana na yangu, ndugu msomaji. Chakula kimekuwa kigeni kwa sababu kimepoa. Tofauti yetu ni jina tu.

#19 Msomaji wa Lishe
Si jina tu, mkuu. Ukiwa sahihi wewe, suluhisho ni kubadilisha mapishi. Nikiwa sahihi mimi, kubadilisha mapishi kila wiki kunaongeza ugeni na kunaharibu zaidi, na kinachotakiwa ni kurudia kile kile bila kuchoka. Ushauri wetu unapingana.

#20 Mama Pacha
Mimi nina pacha, hivyo nitaleta kisa kinachowasumbua nyote wawili. Hubeba chakula kimoja, makopo yanayofanana, na hukaa meza moja. Mmoja humaliza, mwenzake hurudisha. Ubaridi ni ule ule, kifuniko ni kile kile, muda ni ule ule. Nilipofuatilia niligundua kwamba anayerudisha hunywa juisi yake yote kwanza, saa ya mapumziko ya asubuhi, pamoja na biskuti, na ikifika saa ya chakula hana njaa. Tulipoiondoa juisi na kumpa maji, alianza kula nusu. Nusu nyingine bado sijui.

#21 Msomaji wa Lishe
Hilo la juisi lina uzito. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linahesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na sukari zinazopaswa kuwa chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Tunda zima lina nyuzinyuzi, hutafunwa, na halimezwi kwa mkupuo. Nusu iliyobaki, dada, huenda ni kwamba nusu ndiyo inayomtosha. Sisi hupakia kwa kipimo cha wasiwasi wetu, na kopo kubwa linamwambia mtoto ameshindwa kabla hajaanza.

#22 Mkate na Siagi
Naomba niseme kuhusu mkate, kwa sababu ndio chakula chepesi kuliko vyote na ndio unaoharibiwa zaidi. Wengi huweka mkate jokofuni wakidhani unadumu, kumbe ni jokofuni unapochakaa upesi kuliko mezani, kwa sababu ile ile ya wanga kukaza aliyoieleza Jikoni Daima (#2). Mkate wa siku mbili tatu ukae nje umefunikwa. Wa zaidi ya hapo uende kwenye friza, ambako kukaza huko husimama.

Kulowana nako kuna dawa. Paka siagi au jibini hadi kwenye kingo za vipande vyote viwili, maana mafuta huzuia maji kupenya. Nyanya na tango vikae pembeni katika kikopo chake, vikiwa vizima au vikiwa na barafu kama mkaguzi alivyosema, na usivinyunyizie chumvi asubuhi kwa sababu chumvi huvuta maji yote nje. Njia ninayoipenda mimi ni kutengeneza mikate ya kubana ya juma zima kwa wakati mmoja, yenye kuku aliyechambuliwa au jibini, kuigandisha, na kutoa mmoja kila asubuhi. Unayeyuka taratibu mkobani na wenyewe unasaidia kupoza vingine. Usigandishe wenye yai la kuchemsha, kwa kuwa ute wake huwa kama mpira, wala mayonezi, ambayo hutengana.

#23 Dada Mkubwa
Hakuna aliyegusa aibu. Mdogo wangu alikuwa akipenda sana mayai, kisha ghafla akakataa kuyabeba. Ilichukua muda mrefu kujua kwamba alipofungua kopo wenzake walishika pua. Matufaha nayo aliyaacha kwa sababu yaligeuka rangi ya kahawia na mtoto mmoja akamwambia yameoza. Chakula kilikuwa kizuri, na nyumbani aliendelea kukila. Alichokikimbia ni macho ya wenzake. Kwa mtoto wa miaka 6 jambo hilo linaweza kuwa kubwa kuliko njaa.

#24 Jikoni Daima
Kisa hiki kimenigusa. Kwa upande wa mayai, harufu ile huongezeka yai likichemshwa mno; ukiona duara la kijani kuzunguka kiini, limepitiliza. Dakika 10 hivi zinatosha, kisha litumbukize mara moja katika maji baridi sana na uliache na ganda lake jokofuni hadi asubuhi. Tufaha hubadilika rangi kwa sababu kukatwa hukutanisha hewa na kimeng'enya kilichomo ndani yake. Lipake maji ya limau, au lichovye kwenye maji yenye chumvi kidogo kwa dakika chache na kulisuuza. Lililobadilika rangi bado linalika, ila najua hilo halimsaidii mtoto aliyekwisha kuchekwa.

#25 Mama Wawili
Nawashukuru nyote. Nimefanya mawili ya haraka: niliwapa makopo yao nyumbani kama mwalimu alivyoagiza, na niliwauliza bila kuwahoji sana. Mdogo hakuweza kufungua vibanio vya upande mmoja, akaniletea. Mkubwa alifungua bila shida, akala tambi tatu, akasema "zimeshikana". Kwa hiyo huenda mwalimu yuko sahihi kwa mmoja na Jikoni Daima kwa mwingine, au nimewauliza siku mbaya. Naomba msaada kuhusu tambi, kwa sababu ndizo huandaa kwa wepesi zaidi.

#26 Jikoni Daima
Achana na tambi ndefu, tumia fupi zenye mashimo au zilizojisokota, zinachukulika kwa vidole. Zipike dakika moja au mbili zaidi ya unavyozipenda za moto, kwa kuwa zitakaza zikipoa. Zimwagie maji baridi, zikaushe kabisa, kisha zichanganye na kijiko cha mafuta ya mimea zikiwa bado hazijashikana. Ongeza njegere zilizochemshwa na kupondwa kidogo, kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi, na matone ya limau. Zilale jokofuni zikiwa zimefunikwa na zisafiri na ile chupa ya fundi.

#27 Mzee wa Kiporo
Naona Jikoni Daima amepata ushindi wa nusu. Mimi bado niko upande wa njaa: mtoto mwenye njaa ya kweli atakula hata tambi zilizoshikana, na pacha wa mama huyu (#20) ni shahidi wangu.

#28 Mwalimu wa Chekechea
Mzee, naheshimu, lakini nimewaona wenye njaa ya kweli wakilia mbele ya kopo. Nami naomba kuongeza jambo ambalo linagusa ushahidi wa uzi mzima. Wote mnapima kwa kopo linaporudi. Watoto wengi, hasa waliowahi kugombezwa kwa mabaki, hutupa chakula kwenye pipa kabla ya kwenda nyumbani, na wengine humpa rafiki. Kopo tupu halithibitishi kwamba alikula, na huenda yule pacha anayemaliza hamalizi.

#29 Mama Pacha
Mwalimu, hilo sikuliwaza kabisa. Sasa mzazi atajuaje?

#30 Mwalimu wa Chekechea
Katika darasa langu nimewaomba wasitupe chochote isipokuwa maganda. Kila kilichobaki kirudi ndani ya kopo, na nimewaomba wazazi wapokee kopo bila kusema neno mlangoni. Ukitaka kujua zaidi, muulize mwalimu wake maswali matatu: anafungua mwenyewe, anaanza na nini, na anakaa na nani. Mengi niliyoyaandika hapa nimeyajua kwa kutazama hayo matatu tu, na hata hivyo wapo watoto wawili watatu ambao hadi leo sijaelewa kwa nini hawali.